Samaki katika Silanga: Yale Yaliyogunduliwa na Wachunguzi

Mwaka jana, mvua za Novemba zilipoanza kushika, mama mmoja mkulima alifika katika ofisi yetu hapa Sultan Hamud akauliza bei ya kuchimba bwawa la samaki. Alikuwa amesikia kwamba samaki huleta fedha kuliko mahindi, na alikuwa tayari kumwuza fahali wake mmoja wa kulimia ili apate gharama ya kazi hiyo. Bwana Samaki alikuwa safarini siku ile. Mimi ni karani tu, lakini nilifundishwa ualimu kabla ya kukaa kwenye meza hii, na mwalimu haachi kalamu akiona hesabu. Nikamwambia, “Mama, keti kwanza. Kabla ya fahali kwenda sokoni, tupige hesabu ya maji.”

Hesabu yenyewe ni hii, na kila mkulima wa nchi yetu kavu aweza kuifanya. Bwawa linalotajwa mara nyingi na watu ni lile la mita za mraba 300, kwa sababu ndilo kipimo kilichotumika mwaka 2009 Serikali ilipoanza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya sehemu 140 za uchaguzi. Huku kwetu jua hunywa maji kiasi cha milimita tano kwa siku, na siku za upepo mkavu hunywa zaidi. Milimita tano ni kitu kidogo sana, kama unene wa kidole kidogo cha mtoto. Lakini ukiitandaza juu ya mita za mraba 300, ni lita 1,500. Hayo ni madebe 75 ya lita ishirini, kila siku ya Mungu, yanayokwenda juu bila mtu kuyanywa wala mche kuyaonja. Kutoka Juni hadi mwisho wa Septemba, miezi isiyo na mvua, bwawa lenye kina cha mita moja litabaki na maji ya kufika magotini tu, na hapo hatujataja yale yanayozama ardhini.

Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi mwanangu, samaki si wa kwetu.”

Hapo ndipo nilipomwuliza kama ana silanga. Alikuwa nayo. Aliichimba miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya sukuma wiki na nyanya, hatua kumi kwa kumi na tano, na chini ametandika karatasi nzito nyeusi ya plastiki. Basi, jua linakwisha kunywa kutoka katika silanga ile, samaki wawemo au wasiwemo. Samaki hanywi maji yakaisha. Huishi ndani yake na kuyaacha, tena huyaacha yakiwa na rutuba. Kwa hiyo shauri letu katika nchi hii si kuchimba bwawa jipya kwa ajili ya samaki, ila kumtia samaki katika maji ambayo umekwisha yaweka akiba kwa kazi nyingine. Ukambani hatukosi mahali pa kuanzia. Tangu miaka ya 1940 na 1950, wakati wa mpango wa Serikali ulioitwa ALDEV, wazee wetu walichimba mabwawa mengi ya udongo, na siku hizi karibu kila mwenye bidii ana shimo lake la maji ya mvua.

Lakini kumtia samaki majini si jambo la kumwaga na kungoja. Naijua hasara yake kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua vifaranga 500 vya tilapia kwa mtu mmoja aliyekuwa akivipitisha kwa pikipiki, nikavitia katika shimo la maji nyumbani. Niliwapa chakula kwa miezi minane. Siku ya kuvua niliwaita majirani, nikawaambia waje na sufuria. Tulivuta wavu tukapata samaki wengi ajabu, zaidi ya elfu mbili kwa kukadiria, na karibu wote walikuwa na urefu wa kidole. Majirani walikuwa na adabu, hawakucheka mbele yangu.

Nilidhani nimeuziwa mbegu mbaya. Sivyo. Nilikuwa nimeingia katika shimo lile lile ambalo wafugaji wa samaki wa Kenya waliingia zamani sana, na wachunguzi walikuwa wameshaeleza sababu yake kabla mimi sijazaliwa. Katika Kenya, majaribio ya kumfuga tilapia mabwawani yalianza mwaka 1924. Mwaka 1948 Serikali ilifungua mashamba ya samaki ya Sagana na Kiganjo, ili mambo haya yachunguzwe vizuri. Katika miaka ya 1960 watu walihimizwa kula samaki, wakachimba maelfu ya mabwawa madogo, hasa Magharibi na sehemu za Kati. Baada ya miaka michache mengi yaliachwa yakaota nyasi. Wakulima walisema samaki hawakui, na walisema kweli.

Sababu ni uzazi wa tilapia. Samaki huyu akiwa bwawani hangojei kuwa mkubwa ndipo azae. Huanza akiwa na miezi mitatu hadi sita, pengine akiwa na uzito wa gramu 30 tu. Dume huchimba kiota kama sahani chini ya maji, na jike hutaga mayai na kuyachukua kinywani mwake. Huyaatamia mle kinywani hadi yatakapoanguliwa, na watoto wakitishwa hurudi mbio kinywani mwa mama yao. Ni ulinzi mzuri sana, ndiyo maana wengi hupona. Lakini muda wote huo jike hali chakula, kwa hiyo hakui, na baada ya majuma machache huanza tena. Katika ziwa kubwa watoto hawa huliwa na samaki wakali na ndege. Katika shimo la mkulima hakuna wa kuwala. Chakula cha samaki 500 kinagawanywa kwa samaki 2,000, kila mmoja anapata cha kumfanya aishi tu, wala hapati cha kukua.

Wachunguzi walipoona hivyo walijiuliza: je, tukifuga madume peke yao? Dume hukua upesi kuliko jike, na yeye peke yake hawezi kujaza bwawa. Jibu moja la ajabu lilipatikana mbali sana, huko Malacca katika nchi ya Malaya. Bingwa mmoja Mwingereza, C. F. Hickling, alieleza mwaka 1960 kwamba madume ya tilapia waliotoka Unguja walipozalishwa na majike ya tilapia wa aina nyingine waliokuwa wakifugwa huko Malaya, watoto wote walitoka madume. Hapa naomba wasomaji wanisamehe nikitoka njiani kidogo. Mji wetu huu umeitwa kwa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyefika hapa kwa gari la moshi reli ilipokuwa inajengwa, mwaka 1898. Nimependezwa kujua kwamba si Sultani peke yake aliyesafiri mbali kutoka kisiwa kile. Hata samaki wa huko walivuka bahari wakaenda kuwafundisha watu kazi.

Kwa mkulima wa kawaida kuchanganya mbegu namna ile ni vigumu, kwa kuwa samaki mmoja wa aina nyingine akiingia kati ya wazazi, kazi yote imeharibika. Ziko njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza hufanywa na wenye vituo vya kuangulia: vifaranga vichanga, tangu siku ya kwanza ya kula, hupewa chakula kilichotiwa homoni kidogo sana kwa majuma matatu au manne, na karibu wote huwa madume. Kazi hii si ya nyumbani, kwa sababu dawa hiyo yataka vipimo na uangalifu. Mkulima hununua tu vifaranga vilivyokwisha fanyiwa hivyo, na ni haki yake kuuliza na kuandikiwa kwamba ni madume.

Njia ya pili ni kuwachagua kwa macho na mkono, samaki wanapofika gramu 30 hivi. Mshike samaki akiwa amelowa, mgeuze tumbo juu, utazame karibu na pezi la nyuma tumboni. Dume ana matundu mawili: la haja kubwa, na jingine katika ncha ya kinundu chake. Jike ana matundu matatu, na lile la katikati, la kupitia mayai, ni kama mkato mdogo wa kulala. Paka tone la wino au la rangi ya chakula, mkato utaonekana vizuri. Mtu akishazoea hufanya kazi hii upesi, lakini hata mwenye kuzoea hukosea mara moja moja, na jike mmoja aliyepenya atosha kukuletea vifaranga.

Kwa hiyo mabingwa hutia askari ndani ya bwawa. Askari huyo ni kambale, yule mwenye ndevu, ambaye watu wa Ziwa humwita mumi. Kambale hula vifaranga vya tilapia, naye ni nyama nzuri. Weka kambale mmoja kwa kila tilapia kumi, wala usiwatie siku moja wakiwa wakubwa kuliko tilapia, maana utakuwa umefuga fisi pamoja na mbuzi. Tilapia watangulie, wapate nguvu, kisha walete kambale wadogo.

Sasa juu ya chakula. Wengi hudhani samaki hulishwa kama kuku, kwa kununua gunia baada ya gunia, wakakata tamaa. Tangu mwaka 1997 huko Sagana, wachunguzi wa Kenya pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani walifanya majaribio ya miaka mingi juu ya jambo hili: kutia mbolea katika maji, na kuongeza chakula cha bei nafuu kama pumba. Mbolea hailiwi na samaki. Huotesha vimelea vidogo vya kijani visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, na hivyo ndivyo tilapia huvichuja na kuvila. Mkulima aelewe kwamba analima maji kama anavyolima shamba.

Kipimo cha samadi kavu ya kuku ni gramu 50 kwa kila mita ya mraba kwa juma. Silanga ya yule mama ni mita za mraba 150, basi kwake ni kilo saba na nusu. Itie ndani ya gunia, funga gunia kwenye kigingi pembeni majini, na ulitikise kila siku. Kisha pima kwa mkono wako. Ingiza mkono majini, kiganja kikiwa kimefunguliwa. Kama kiganja kinapotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kama kinapotea kabla ya hapo, acha samadi juma moja au mawili. Kama bado unaviona vidole vyote, ongeza. Na ukiwakuta samaki alfajiri wakihema juu ya maji, usifikiri wana njaa. Wamekosa hewa, kwa sababu usiku vile vimelea vya kijani huitumia hewa ile ile ya majini. Ondoa gunia, usiwape chakula siku hiyo, na kama una maji safi yamimine kutoka juu.

Jambo moja nalisema kwa mkazo: silanga inayotekwa maji ya nyumbani isitiwe samadi hata kidogo. Huko tumia pumba tu, na samaki wachache zaidi.

Pumba za mahindi zikichanganywa na unga wa omena ni chakula kizuri cha kuongezea. Wape kiasi cha gramu tatu kwa kila gramu mia za uzito wao kwa siku. Samaki 300 wa gramu mia mia ni kilo 30, basi chakula chao ni gramu 900 kwa siku, nusu asubuhi jua likishapanda na nusu alasiri. Kumbikumbi wakitoka, wapelekee.

Wakati wa kuanza ndio unaowashinda wengi hapa kwetu. Vitabu vingi vya samaki vimeandikwa kwa watu wenye mto usiokauka. Sisi mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi hadi Mei huja ikipenda. Kwa hiyo tia samaki mapema Desemba, silanga ikijaa. Chagua vifaranga wa gramu 10 hadi 20, si wale wadogo kama punje ya mchele, ili usipoteze miezi miwili ya maji kwa kuwalea. Watie wawili kwa kila mita ya mraba. Miezi ya joto, Januari hadi Mei, ndiyo ya kukua. Tilapia hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30, na baridi ya Julai humfanya adumae. Mwezi wa Juni vua wote, wakubwa kwa wadogo. Halafu maji yaliyobaki, yaliyojaa rutuba, nyunyizia mboga hadi yaishe. Usijaribu kuwavusha samaki katika kiangazi kwa tamaa ya kuwanenepesha. Maji yakipungua hewa hupungua, na korongo na kenge hawana kazi ngumu tena.

Huenda mtu akauliza, kwa nini tusiende tu kuvua mtoni Athi? Athi ina samaki wake, na mmoja wao ni tilapia mweusi wa asili ya mito yetu, ambaye jamaa zake ndio waliofugwa katika majaribio ya kwanza ya mwaka 1924. Tilapia tunayeuziwa siku hizi kwa kawaida ni wa Naili, aliyechaguliwa kwa kukua upesi. Sagana, ambayo sasa iko chini ya KMFRI, ile taasisi ya uchunguzi wa bahari na uvuvi iliyoundwa mwaka 1979, huwachagua wazazi bora kizazi baada ya kizazi. Ni samaki mwema bwawani. Mtoni ni jambo jingine, kwa sababu huzaana na wa asili na kuwafuta.

Tazameni Ziwa Viktoria. Mwaka 1927 na 1928 mchunguzi Michael Graham alitumwa kuchunguza kwa nini ngege wanapungua, akashauri nyavu zisiwe na macho chini ya inchi tano. Sheria ikawekwa, lakini wengi hawakuifuata. Katika miaka ya 1950 tilapia wa Naili na samaki wengine wa kigeni wakatiwa ziwani. Leo ngege yule wa asili ni nadra sana katika ziwa kubwa, na wachunguzi humtafuta katika maziwa madogo ya kando kama Kanyaboli, kule Siaya. Kwa hiyo mdomo wa kufurikia wa silanga yako uwe na wavu mdogo, wala usimwage vifaranga vilivyobaki katika kijito chochote, kwa maana vijito vyetu vyote vinaelekea Athi.

Tena iko habari ya mbu. Majirani wengine hulalamika kwamba silanga huleta malaria. Silanga iliyoachwa, ndiyo. Lakini huko Kisii wachunguzi walitia tilapia katika mabwawa yaliyoachwa, na habari waliyoitoa mwaka 2007 yasema kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Fyeka nyasi za ukingoni ili samaki wafike kila mahali.

Yule mama hakumwuza fahali. Bwana Samaki aliporudi alikwenda kuona silanga, wakaafikiana juu ya samaki 300 wa kuchaguliwa kwa mkono na kambale 30. Siku ya vifaranga kufika nilikuwapo. Mifuko iliachwa ielee majini robo saa kabla ya kufunguliwa, ili joto la ndani na la nje lilingane, na mama akawahesabu mmoja mmoja ijapokuwa mwuzaji alikuwa na haraka. Mvua za Aprili hazikuwa nyingi, na mwisho wa Mei maji yalikuwa yamefika kiunoni. Tulivua tarehe za mwanzo za Juni. Tilapia walikuwa 247, nikawapima kwa mizani ya ofisi: kilo 51 na nusu. Kambale walikuwa 22. Wengine walichukuliwa na mdiria, ambaye mama alikataa kumfungia nyuzi juu ya maji hadi alipoona hasara. Mwaka huu amezifunga tangu siku ya kwanza. Vifaranga vilikuwamo pia, kama mia hivi, maana majike wachache walikuwa wamepenya.

Samaki wengi waliuzwa siku ile ile kando ya barabara kuu ya Mombasa. Maji yaliyobaki yalinywesha sukuma wiki hadi juma la pili la Agosti. Na wajukuu wake, ambao hawakuwa wamezoea kula samaki, walikula kwanza mikia, kwa kuwa miba yake huonekana.

Wanaotaka vifaranga kwa mvua zijazo waje ofisini kabla ya mwisho wa Oktoba, na wapime silanga zao kwanza: urefu, upana na kina, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepungua. Bwana Samaki atawauliza hayo kabla ya neno lolote.